Uzoefu wangu: Mzee kafanyiwa operesheni ya ngiri, bei kamili nikaijua siku ya kutoka

Naandika hii kwa yeyote anaetaka kumpeleka mgonjwa wake hospitali binafsi hapa Dar kwa operesheni isiyo ya dharura, yani ile ambayo una muda wa kuuliza na kujipanga. Jina la hospitali siliweki. Ni ya ukubwa wa kati, safi, na matibabu yenyewe sina neno nayo, daktari bingwa yuko makini, manesi wa wodini wana lugha nzuri mno, Mzee wangu kapona na kidonda kimefunga vizuri. Shida yangu mimi ni moja tu, bei. Niliuliza bei kila dirisha nilopita na hakuna hata mmoja alienidanganya, lakini bei kamili nimeijua wakati Mzee ameshashonwa.

Mzee ana miaka 67, anaishi Korogwe, ngiri ya kinena imemsumbua karibu miaka mitatu, akibeba ndoo inatoka inakuwa kama limao, akilala chali anairudisha kwa vidole. Kadi alokuwa nayo wakati huo ni ile CHF iliyoboreshwa, yani mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa elfu 30 kwa mwaka kaya ya watu sita, na kwa kweli ilimsaidia sana kule kwenye vituo vya serikali kuanzia zahanati mpaka hospitali ya mkoa, ila tarehe yake ya upasuaji ilikuwa imesogezwa mara mbili na maumivu yakawa yanamfuata hata akikaa. Sisi watoto tuko wanne, tukaongea kwenye grupu letu la WhatsApp tukasema basi aje Dar tulipe keshi yaishe.

Nilianza kwa simu. Dada wa mapokezi akaniambia kaka inategemea, mlete kwanza aonane na daktari. Nikamwambia dada naelewa inategemea, nipe hata makadirio, kuanzia ngapi mpaka ngapi, ngiri ya upande mmoja, mtu hana sukari hana presha. Akasema haruhusiwi kutaja bei kwenye simu. Siku ileile nikapiga hospitali nyingine mbili, jibu ni hilohilo. Sasa hebu piga hesabu, kumwona daktari bingwa ni elfu 40 pamoja na kufungua faili, kwahiyo mtu akitaka kulinganisha bei za hospitali tatu anatakiwa atoe laki na ishirini kabla mgonjwa hajameza hata panado, na hapo umzungushe mzee mwenye maumivu kwenye bajaji jiji zima. Nani ataweza? Unaishia kuchagua ile ya kwanza ulioingia.

Tukaenda. Faili na daktari elfu 40, halafu vipimo vya damu, mkojo, kipimo cha moyo na utrasaundi 165,000. Daktari mwenyewe mtu mzima, mpole, akamwamkia Mzee shikamoo, akachukua karatasi ya kuandikia dawa akamchorea tumbo na lile tundu ambalo utumbo unapita, Mzee akaelewa kabisa. Nikamuuliza dokta, na gharama? Akaigeuza ile karatasi, nyuma akaandika 1.2M akaizungushia duara. Akasema atalala usiku mmoja, labda miwili. Ile karatasi ninayo mpaka leo, mchoro mbele, bei nyuma.

Mimi nikajua milioni moja na laki mbili ndo kila kitu, na sidhani kama kuna mtu angeelewa vingine. Tukachanga 1,200,000 na juu yake tukaweka 150,000 ya dharura, tukaona tumejipanga vizuri. Siku ya kulazwa nikalipa depoziti laki nane, nikabaki na 550,000 mfukoni.

Kuhusu ile fomu ya ridhaa, hapa naomba msome taratibu. Waliileta Mzee akiwa ameshavaa gauni la kijani, kanula imeshaingia mkononi. Kurasa mbili. Inaeleza kutokwa damu, maambukizi, uwezekano wa ngiri kurudi, ganzi ya mgongoni, na kwamba ikibidi watabadilisha waende nusu kaputi. Mambo ya maana yote. Ila kuhusu hela hakuna mstari hata mmoja, na Mzee akasaini na mimi nikasaini kama shahidi. Yani tumeridhia kisu na sindano ya mgongo tukiwa na taarifa kamili, na tumeridhia deni bila taarifa yoyote.

Operesheni ilienda salama. Akalala siku tatu kwasababu alipata shida ya kukojoa baada ya ganzi, wakamwekea mpira, sina lawama hapo, mwili wa mtu hauna ratiba. Siku ya kutoka saa nne asubuhi daktari kasaini, Mzee kavaa kanzu yake na kofia kakaa kitandani na begi mapajani, mi nikashuka kwa kashia na ile 550,000 yangu nikijua nalipa laki nne na kidogo na nauli ya kumrudisha nyumbani inabaki.

Bili ikatoka kwenye printa kurasa mbili. Upasuaji 1,200,000, ile ya kwenye duara. Chini yake chumba cha upasuaji 250,000. Mtaalamu wa usingizi na ganzi 300,000. Meshi, ule wavu wanaouweka kuziba tundu, 280,000. Kitanda siku tatu kwa 70,000 ni 210,000. Daktari kupita wodini mara tatu 90,000. Dawa na vifaa tiba 187,500, na humo ndani kila kitu kimehesabiwa kivyake, pamba, plasta, sindano, glavu jozi 14. Jumla 2,517,500. Toa depoziti, nadaiwa 1,717,500.

Nilisoma mara tatu nikidhani wamechanganya na bili ya mgonjwa mwingine. Nikamwonyesha kashia ile karatasi ya daktari, akaiangalia akaniambia kwa upole tu, "Kaka yangu, hii ni ya upasuaji peke yake, hizi nyingine zipo kwenye mfumo."

Zipo kwenye mfumo. Hilo neno nimelala nalo wiki nzima. Kwahiyo siku ya Jumatatu nilivokuwa pale mapokezi nauliza, bei ya chumba cha upasuaji ilikuwemo kwenye mfumo, bei ya meshi ilikuwemo, bei ya kitanda ilikuwemo, mtaalamu wa usingizi anajulikana analipwa ngapi. Kitu pekee ambacho hakikujulikana ni Mzee atalala siku ngapi na atatumia dawa kiasi gani, na hilo nalikubali moja kwa moja, hakuna wa kulijua. Ila hesabu yangu ukitoa vitu hivyo visivyotabirika, zaidi ya milioni mbili ilikuwa inajulikana kabla Mzee hajavua shati. Kwanini isichapwe?

Wanaosema bei za hospitali haziwezi kuandikwa siwaelewi. NHIF, yani bima ya afya ya taifa, wana kitita chao ambacho kila huduma ina bei yake, kile walichokibadilisha tarehe 1 Machi 2024 mpaka baadhi ya hospitali binafsi zikasitisha kuhudumia wanachama wao. Zilisitisha kwasababu zilikaa zikaangalia bei moja moja zikasema hii hailipi. Maana yake hospitali inajua kila huduma inaigharimu ngapi na inapigania hiyo bei ikiwa inaongea na bima, ila akija mtu na keshi yake ya mchango anaambiwa inategemea. Hata petroli, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA wanatangaza bei kikomo na kituo kinabandika namba kubwa barabarani unaisoma ukiwa bado kwenye pikipiki.

Turudi kwa kashia. Nilikuwa napungukiwa 1,167,500 na karatasi ya kutokea getini haitoki mpaka bili isome sifuri. Dada yangu akakopa kikoba laki sita, shemeji akatuma laki tatu, iliobaki nikaitoa kwa bosi wangu kama advansi ya mshahara. Hiyo yote ni simu juu ya simu nimekaa kwenye benchi la nje, kila hela inaingia kwenye M-Pesa kwa vipande, na wakati huohuo nawaza ikifika usiku je wataongeza 70,000 ya kitanda? Mzee kule juu kakaa na kanzu yake tangu saa nne asubuhi mpaka saa moja usiku. Kila nikipanda ananiuliza mwanangu vipi, namwambia daktari hajamalizia kusaini. Sijawahi kumdanganya baba yangu kwa kitu kama hicho na kiliniuma kuliko hiyo bili.

Wiki iliofata nikaandika barua, sio ya matusi, nikaambatanisha nakala ya ile karatasi ya duara pamoja na bili. Meneja alinipigia mwenyewe, akasikiliza, akasema madaktari huwa wanataja ada yao na wao ofisi wanadhani mgonjwa ameelezwa, na daktari nae anadhani ofisi imeeleza. Nilimwamini kwasababu ndicho nilichokiona, kila mtu anajua kipande chake. Akasema watalifanyia kazi. Namshukuru kwa kupiga, ila sikuahidiwa kitu chochote cha kushika.

Halafu miezi miwili baadae shangazi yangu akatakiwa kutolewa mtoto wa jicho. Safari hii sikuuliza bei ni ngapi. Nilipiga hospitali moja ya misheni nikasema hivi: naomba proforma, yani karatasi ya bei kabla ya huduma, ya jumla yenye jina la mgonjwa, inayoonyesha operesheni, lenzi, dawa, chumba cha upasuaji na marudio, na iandikwe nini hakimo. Yule mama wa ofisi ya malipo hata hakushtuka, akasema mlete na barua ya daktari alikopimwa. Tukakaa kama dakika 20, ikatoka karatasi ina muhuri, 680,000, kila kitu kwa mstari wake, na chini wameandika kwamba matone ya ziada baada ya operesheni yatalipiwa pembeni. Siku ya kumaliza bili ikasoma 698,000. Ile elfu 18 ni matone, na yalikuwa yameandikwa. Nilisimama pale dirishani nimeshika karatasi mbili mkononi nalinganisha mstari kwa mstari, na yule mama akanisubiri mpaka nikamaliza.

Kwahiyo ile hospitali ya Mzee nawapa nyota tatu. Kwa matibabu ni tano, na kama nikiumwa naweza kurudi kwa daktari yuleyule. Ila ukienda, akikuandikia namba muulize hapohapo, dokta hii ni yako peke yako au na thieta, usingizi, meshi na kitanda? Mwombe akupe mtu wa kukupeleka ofisi ya malipo mkiwa bado hamjalipa depoziti, na ile fomu ya ridhaa mwambieni nesi mnaisaini mkishapata karatasi ya pili, ile ya bei yote.