Hubble au Webb: picha ipi ya nyota inayokufa ibandikwe darasani?

Swali hili hujirudia miongoni mwa walimu wa sayansi hapa Dodoma. Kwa gharama darubini hizi mbili za angani hazipishani, kwani picha za zote mbili hupakuliwa bure, ingawa mafaili makubwa hula bando. Tofauti iko kwenye mwanga: Webb, yenye kioo cha mita 6.5, hupokea miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, na katika picha yake ya nyota WR 124 iliyotolewa 2023, vumbi lililotemwa na nyota hiyo huonekana fundo kwa fundo. Lakini rangi zake ni za kupangiwa, jambo ambalo wanafunzi hulihoji, tena kwa haki. Hubble, inayopokea hasa mwanga unaoonekana kwa macho, huionyesha nyota Eta Carinae kati ya mawingu mawili yaliyotokana na mlipuko wa miaka ya 1840, na kundinyota lake tunaliona wenyewe upande wa kusini. Kwa kidato cha kwanza ningeanza na Hubble. Wanaosoma mawimbi watafaidi zaidi Webb.