Nuked OPL3 ndani ya DOSBox Staging: hii ndiyo sauti tuliyoisikia kweli?

Habari zenu wapendwa, karibuni tena mezani kwangu. Leo sina simu mpya wala spika ya kuning'iniza kwenye begi. Nina kitu kisicho na boksi, hakiuzwi, na ukikifunga vizuri kompyuta yako itapiga muziki kama ya mwaka 1992. Kama una hedifoni, vaa. Spika ya simu itakunyima besi, na leo besi ndiyo shahidi wangu.

Sikiliza hii kwanza. Sekunde kumi tu.

Haya, sasa sikiliza hii.

Gemu ni ileile, Doom ya mwaka 1993, ramani ya kwanza kabisa. Ulichosikia mwanzo ni DOSBox 0.74-3, programu ya kuchezea gemu za zamani za DOS kwenye kompyuta za sasa, ile ambayo wengi wetu tunayo. Cha pili ni DOSBox Staging, tawi lake jipya, ambayo tumboni mwake kuna emuleta, yaani programu inayoiga chipu ya sauti, inayoitwa Nuked OPL3. Kama hukusikia tofauti, usijilaumu. Mimi mara ya kwanza nilidhani moja imeongezwa sauti tu. Ilinichukua jioni tatu na hedifoni ya kuazima kuanza kusikia kinachozungumzwa.

Kwa wadogo zangu mliozaliwa na muziki wa gemu ukiwa faili zima la sauti, ngoja niwarudishe nyuma kidogo. Diski moja ya wakati ule ilibeba megabaiti 1.44. Humo huwezi kuingiza hata wimbo mmoja uliorekodiwa vizuri, achilia mbali gemu nzima. Kwa hiyo gemu ilibeba maagizo: washa noti hii, kwa chombo hiki, kwa nguvu hii, sasa zima. Mpigaji mwenyewe alikuwa kadi ya sauti. Na kadi iliyofungua njia ilitoka Quebec, Canada, mwaka 1987, kwa kampuni ya AdLib, iliyoanzishwa na mwalimu wa muziki wa chuo kikuu, Martin Prével. Juu yake kulikuwa na chipu ya Yamaha, YM3812, ambayo watu huiita OPL2. Miaka miwili baadaye Creative wa Singapore wakaja na Sound Blaster. Chipu ileile, ila wao wakaongeza uwezo wa kupiga sauti zilizorekodiwa, bunduki ikalia kama bunduki. AdLib wakafilisika mwaka 1992. Biashara haina huruma.

Chipu hizi hutengeneza sauti kwa njia inayoitwa FM. Sasa FM yenyewe ni nini? Wengi wanajua FM ya redio, na ukweli hesabu zake ni ndugu. Ila mfano wangu mimi ni taarabu. Unamjua mwimbaji anapofika mwisho wa mstari akaitetemesha sauti, inapanda inashuka, inapanda inashuka? Chukua mtetemo ule uuharakishe. Uuharakishe tena, mpaka sikio lishindwe kuuhesabu. Hapo hausikii tena mtetemo, unasikia sauti mpya kabisa, yenye rangi ambayo haikuwepo. Hicho ndicho alichokigundua John Chowning kule Stanford mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwa anachezea mitetemo kwenye kompyuta. Chuo kikachukua hataza, Yamaha wakakodi, na mwaka 1983 wakatoa kinanda cha DX7 kilichojaa kwenye nyimbo za muongo ule. DX7 ilitumia mawimbi sita kwa kila sauti. OPL2 ya kwenye kadi ilipewa mawili. Bei rahisi ina gharama zake.

Ngoja nikuonyeshe hayo mawili. Hapa nimeandika kiprogramu kidogo kinachoongea na chipu moja kwa moja kupitia mlango wa 388h, njia ileile waliyotumia watengenezaji wa gemu. Wimbi la pili ndilo unalolisikia, la kwanza kazi yake ni kulitikisa la pili. Ukimya wa hilo la kwanza unapangwa kwa namba kutoka 0 mpaka 63, na 63 ndiyo kimya zaidi. Naanza na 63.

Unasikia? Filimbi tupu, kama simu inayosubiri kupigwa. Nashuka 40. Imepata mwili kidogo. 30, inaanza kufanana na kinanda cha kanisani. 20, sasa inakwaruza. 10, hilo ni tarumbeta la bati. Noti ni ileile, sijaigusa. Na kuna namba nyingine, ya kulirudishia wimbi la kwanza sauti yake lenyewe, 0 mpaka 7. Naiweka 7. Ndiyo, imevurugika, imekuwa upepo na mchanga. Watunzi walitengeneza gitaa la umeme, mlipuko na mvua kutokana na hiyo namba moja. Wanastahili heshima kuliko tunayowapa.

Sasa turudi kwenye bidhaa yetu. Emuleta za zamani zilitengenezwa na watu waliosikiliza chipu, wakasoma karatasi za Yamaha, wakakisia yaliyobaki. Walikisia vizuri sana, nisiwavunjie heshima. Lakini baadaye watu wakaifungua chipu ya OPL3 yenyewe, wakaipiga picha kwa hadubini, wakasoma majedwali yaliyochongwa ndani yake. Na walichokikuta mimi kilinichekesha. Mnavikumbuka vile vitabu vya majedwali ya namba nne tulivyobeba sekondari? Unataka kuzidisha, unatafuta logi ya huyu na logi ya yule, unajumlisha, unarudi kwenye jedwali kinyume. Chipu inafanya hivyohivyo! Kuzidisha kungekula nafasi na pesa, kwa hiyo ina jedwali la logi lenye nafasi 256, na jingine la kurudia lenye nafasi 256, katikati kuna kujumlisha tu. Mwalimu wangu wa hesabu alisema majedwali yale yatatusaidia maishani, tukacheka. Kumbe kuna chipu ilikuwa inayatumia kwa kila sauti inayoitoa, mara 49,716 kwa sekunde.

Nuked inafuata hatua hizo kama zilivyo kwenye picha, na makosa ya kukata desimali humohumo. Ndiyo maana nasema tofauti iko kwenye mikia. Sikiliza noti inapokufa. Hii hapa ni DOSBox ya kawaida, mpangilio wake wa oplemu (aina ya emuleta) ukiwa kwenye fast. Inafifia laini, kama mtu anayepunguza redio. Hii ni Nuked. Umesikia inavyoshuka na ngazi ndogo ndogo, na vumbi kidogo mwishoni? Kwa masikio yangu, ule uchafu ndio unaoifanya isikike kama chombo.

Gharama yake ni prosesa. Hapa nina laptopu mbili. Hii mpya haijali kabisa. Hii ya zamani, ya kore mbili, ukicheza Doom huku umeachia cycles, yaani kasi ya prosesa inayoigizwa, mpaka juu, muziki unaanza kukwama kama kaseti iliyolowa. Nikipunguza cycles inatulia. Kama mashine yako ni dhaifu zaidi ya hii, baki na DOSBox ya kawaida, ila ingia kwenye faili la mipangilio uweke oplrate iwe 49716 na rate ya mixer ilingane nayo. Ni bure, na utasikia unafuu kwenye sauti za juu.

Sasa kuna jambo linaloniudhi kwenye video nyingi za kulinganisha. Mtu anaweka Doom, anaandika "OPL3" kwa herufi kubwa, halafu anasifia ubora. Kaka, hiyo siyo OPL3! OPL3 ni YMF262, ya Sound Blaster 16 na wenzake: stirio, chaneli (sauti zinazoweza kulia kwa pamoja) 18 badala ya 9, maumbo ya mawimbi 8 badala ya 4. Doom, hata ikiikuta, yenyewe inaichezea kama OPL2 mpaka uiamuru. Kabla ya kufungua gemu, andika set DMXOPTION=-opl3, bonyeza enter, ndipo uifungue. Sikiliza kabla. Mono, kila kitu kimebanana katikati ya kichwa. Na sasa baada. Gitaa limehamia upande, ngoma zimepata pumzi. Na siyo stirio peke yake. Kwenye Doom baadhi ya vyombo vina sauti pacha, kimoja kinakula chaneli mbili. Chaneli 9 zinaisha haraka, na noti nyingine zinanyimwa zamu. Kwenye 18 zinapata. Ukitumia Chocolate Doom, programu ya kuchezea Doom bila DOSBox, kwenye programu yake ya mipangilio kuna sehemu ya kuchagua aina ya chipu, na nayo ndani imetumia Nuked.

Lakini ipi ni sahihi? Hapo ndipo jaribio langu liliponigeukia.

Mimi gemu hizi nilizijulia kwa mjomba, kwenye Pentium ya mtumba iliyokuja na kioo chake kizito cha mgongo. Muda wote nikijaribu Nuked, nilikuwa nasikia kitu kimepungua. Kizuri, safi, lakini si kile. Nikaanza kulaumu emuleta. Mwezi uliopita nikaenda kwa mjomba, mashine ile iko stoo chini ya magunia, nikaomba kadi. Hii hapa. Isogelee kamera. Unaona maandishi kwenye chipu? ESS. ES1868. Hakuna Yamaha humu! Kampuni ya ESS ilitengeneza FM yake yenyewe, ESFM, inayoelewa maagizo ya OPL3 na kuyapiga kwa namna yake. Inafanana, lakini hawakunyonya ziwa moja. Miaka yote hii nimekuwa nikitetea sauti ya Yamaha kwenye mabishano, kumbe sijawahi kuisikia.

Na siko peke yangu. Kompyuta nyingi za miaka ya mwisho ya 1990 zilikuwa na kadi za namna hii. Hata Creative wenyewe, kwenye baadhi ya Sound Blaster 16 za baadaye na kwenye AWE64, waliiacha chipu ya Yamaha wakaweka ya kwao iitwayo CQM, yenye kamlio ka kengele ambacho ukishakisikia hukisahau.

Sasa hapa Staging imenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Matoleo yake ya karibuni yana sbtype (aina ya kadi) ya ess na oplmode (aina ya chipu ya FM) ya esfm. Nimeweka. Sikiliza.

Aaah. Hiyo. Hiyo ndiyo sebule ya mjomba. Naomba sekunde moja.

Haya. Kwa hiyo kabla hujabishana emuleta ipi ni bora, jua kwanza kadi unayoitafuta. Na kadi si chipu pekee. Kati ya chipu na spika kulikuwa na saketi za kulainisha sauti, na kila kadi ilikuwa na zake. Sound Blaster Pro ilikuwa na sauti ya kufunikwa kidogo, kama inatoka nyuma ya pazia. Sound Blaster 16 ilikuwa wazi zaidi. Staging ina opl_filter ya kuiga hilo, na ukiiacha kwenye auto inafuata kadi uliyoichagua. Iache hapo. Kuna pia reverb, ya kufanya muziki usikike kama uko ukumbini. Nimeijaribu. Kwangu mimi ni kutia nazi kwenye chai: vyote vitamu, kila kimoja kwenye sufuria yake.

Kasoro? Zipo. Mipangilio bado ni ya faili la maandishi, na majina yake hubadilika toleo hadi toleo, kwa hiyo maelekezo ya video ya mwaka juzi yanaweza kukupoteza. Pia sauti ya FM mara nyingi huwa chini ya milio ya bunduki. Andika mixer opl 150 uipandishe, ila kwenye DOSBox ya kawaida chaneli inaitwa fm.

Na lile swali mnaloniuliza kila mara, kwamba gemu inadai hakuna AdLib wakati ipo. Mara nyingi tatizo ni kasi. Gemu za zamani huitambua kadi kwa kuwasha saa ndogo iliyo ndani ya chipu, kusubiri kidogo, kisha kuuliza kama imelia. Kusubiri kwenyewe wanakufanya kwa kusoma mlango mara kadhaa. Mashine ikiwa na kasi kupita kiasi, gemu inauliza kabla saa haijafika, inajibiwa hapana, inanyamaza. Punguza cycles mpaka 3000, fungua gemu upya, ukishausikia muziki pandisha tena taratibu.

Pa kuanzia bila kununua kitu ni Tyrian, iliyotoka mwaka 1995 na kuachiwa bure mwaka 2004. Muziki wake uliandikwa mahususi kwa chipu hii, na kuna besi mle ambayo sijui waliipataje kwa mawimbi mawili. Weka oplmode iwe opl2, zima taa. Naiachia hapa iendelee kupiga, mimi naenda kumpigia mjomba simu, bado anadhani kadi yake nimeichukua kwenda kuuza.