Kava ya sumaku yenye kamba ya shingoni: nyota 3 kati ya 5

Mimi ni muuguzi wa wodi ya moyo, na kava hii niliinunua kwa ajili ya kamba tu. Simu inaning'inia kifuani, mikono inabaki na kazi yake. Mgongoni ina duara la sumaku la kushikia chaja isiyo na waya na kishikio cha garini.

Kwa ubora sina ugomvi nayo. Kingo zimeinuka kuzunguka kioo, kwa hiyo simu ikianguka kifudifudi kioo hakigusi sakafu. Naipangusa kwa spiriti kila zamu na haijababuka. Sumaku ndiyo usiseme: mkasi wangu wa mfukoni unarukia kava wenyewe. (Kadi ya benki weka mfuko mwingine.)

Tatizo ni hiyo hiyo sumaku. Pesimeka, kifaa kidogo cha umeme cha kusaidia moyo upige sawasawa, hupandikizwa chini ya ngozi karibu na mtulinga, mara nyingi upande wa kushoto. Nikiinama kumsogeza mgonjwa mto, simu inabembea na kutua pale pale. Na pesimeka nyingi zimeundwa ziitambue sumaku. Madaktari wenyewe huitumia makusudi. Ikikaribia, kifaa kinaacha kuusikiliza moyo na kuanza kupiga kwa kasi kiliyopangiwa. Zile zinazoushtua moyo ukienda mrama, sumaku inaweza kuzizuia zisishtue. Ukiiondoa kwa kawaida hurudi kazini, lakini nani anajua moyo utaamua kuleta vurugu dakika gani? Mwaka 2021 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilishauri simu na saa zenye sumaku kali zikae angalau inchi 6, kama sentimita 15, mbali na vifaa hivi. Apple wanasema zaidi ya sentimita 15, na zaidi ya 30 simu inapochajiwa bila waya. Kwa simu isiyochajiwa, shibiri moja ya mtu mzima inatosha na chenji inabaki.

Kwa hiyo kama wewe mwenyewe una pesimeka, usivae kitu hiki shingoni wala usikitie mfuko wa shati. Karatasi iliyokuja ndani ya boksi haigusii hayo hata kwa neno moja. Imejaa onyo la kituo cha mafuta! Sawa, bango likisema zima, zima, ingawa kwenye pampu cheche ya kuogopwa zaidi ni ya umeme tuli, mtu anaporudi kukaa garini huku mafuta yanajazwa kisha akaja kushika mpini.

Chumba cha MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, sihitaji kueleza sana: sumaku ya mle kwa kawaida haizimwi hata kama hakuna anayepimwa, basi simu, kava na klipu ya chuma vyote vinabaki nje ya mlango.

Kilichonikera zaidi ni kamba kukosa kifungo cha kufyatuka. Mgonjwa aliyechanganyikiwa akiikamata, anakuvuta na shingo yako. Vitambulisho vyetu vya kazini vina kifungo hicho, tena ni kiplastiki kidogo tu.

Kamba nimeivua, simu inakaa mfuko wa chini wa gauni. Wakiweka kifungo hicho, na mstari mmoja kuhusu pesimeka kwenye ile karatasi, nitawaongezea nyota ya 4.