Chumbe, Zanzibar: nimeenda kuangalia samaki nimerudi nasimulia choo

Mjue kwanza naongea kama nani. Mi ni fundi ujenzi, miaka 16 sasa kwenye hii kazi, nyumba za watu Dar na mahoteli mawili matatu ya ufukweni huko Unguja, yaani mimi nikikaribishwa kwa mtu macho yanapanda kwenye kenchi za paa kabla sijaitikia karibu. Mama watoto alikuwa ananidai safari tangu tutimize miaka 10 ya ndoa, tukajichanga, tukaenda kulala siku mbili kisiwa cha Chumbe. Yeye alifuata samaki na matumbawe. Mi nilifuata maneno ya fundi mwenzangu aliyeniambia kule kuna nyumba zinavuna mvua na hazina shimo la choo hata moja, nikamwambia acha uongo.

Kufika ni boti kutoka Mbweni, tuliondoka saa 4 asubuhi, dakika 40 hivi mpo. Kisiwa kidogo, urefu kama kilomita moja, upana ukitembea kwa haraka hata sigara haiishi (na huwezi kuupita hivihivi maana ni msitu mtupu juu ya mawe ya matumbawe, makali kama misumari). Kuna mnara wa taa wa mwaka 1904 uliojengwa na Waingereza, kuna msikiti wa zamani mdogo mzuri, na nyumba ya mlinzi wa mnara iliyokuwa gofu wameifunika kwa paa kubwa la makuti ndo mnapokula. Hiyo peke yake ilinipa heshima na waliochora ramani. Mwingine angebomoa amwage zege.

Sasa vibanda. Viko 7 tu, kisiwa kizima. Kwa mbali huvioni, unaona majani na kitu kama kichuguu cha makuti, mpaka ukaribie. Miti, makuti, kamba, ghorofa ya kulala juu na sebule chini iko wazi inatazama bahari. Juu kitandani kuna ukuta wa mbele unashushwa kwa kamba, ukishauteremsha unalala unaona maji na upepo unaingia wote. Hamna kiyoyozi, hamna feni, na mchana kama hujazoea joto utalalamika, ila usiku sisi tulijifunika shuka. Kibanda kimegeuzwa kuufuata upepo, basi, ndo feni yenyewe.

Kilichonikalisha chini ni maji. Chumbe hakuna kisima wala chemchemi, maji matamu hayapo kabisa, kwa hiyo lile paa kubwa la kibanda usidhani ni urembo, ndo mtego wa mvua. Mvua ya masika na vuli inateremka kwenye makuti, inapita kwenye chujio la mchanga na kokoto, inaingia kwenye tenki lililo chini ya sakafu ya sebule. Nilipiga sakafu kwa kisigino nikasikia inaitika nikacheka peke yangu, mama watoto akauliza we una nini. Ukitaka kuoga unapampu kwa mkono, maji yanapanda, jua linapasha. Na hapo ndo akili inakuja yenyewe, mtu ukishapampu kwa mkono wako huachii bomba likimwagika unapiga mswaki. Nyumbani kwangu nimehubiri miaka bila faida, kule watu wazima tumenyooka siku moja.

Haya, choo. Vumilieni maana hapa ndo penyewe. Matumbawe ya nchi kavu ni mwamba wenye matundu kama chekeche, sisi mafundi tunaupenda kwa sababu ukichimba shimo la choo halijai. Halijai kwa nini? Kwa sababu linavuja! Uchafu unashuka kwenye matundu unatokea baharini, na ule ni mbolea, mwani unashiba unaota juu ya matumbawe yaliyo hai mpaka yanakosa mwanga. Nimeshachimba hayo mashimo kwa mikono yangu, hoteli moja upande wa mashariki siitaji, tulichimba hatua chache tu kutoka maji yanapofika yakijaa na bosi akatusifu kwamba tumemwokolea hela ya gari la kunyonya. Tukafyeka na vichaka vya mbele ili wageni waone bahari, tukajenga ukuta, misimu michache mawimbi yakachimba mchanga chini ya ukuta na ufukwe wenyewe waliokuwa wanauuza ukaondoka. Basi.

Chumbe choo ni cha mboji. Hakuna kuflashi. Ukimaliza unatupia majani makavu, chini kunaoza taratibu kunakuwa udongo, na kuna bomba la hewa linavuta harufu juu kwa nguvu ya upepo. Mi niliingiza kichwa kabisa, ndio, niliingiza kichwa, harufu ya shamba baada ya mvua, zaidi ya hapo hamna. Maji ya kuogea nayo hayaachwi yajiendee, yanapelekwa kwenye bustani ndogo yenye mimea inayokunywa yale yaliyomo kabla hayajafika kwenye mwamba. Taa ni za sola, na nje usiku hakuna taa hata moja, unapewa tochi, kwa sababu wapo wanyama wa usiku hapo wakubwa kuliko nilivyotegemea. Mi nilijifanya mjanja nikatoka bila tochi kwenda kula, nikakaribia kumkanyaga kaa wa nazi, kaa mkubwa kama sufuria ya wali, nikaruka nikapiga ukelele wa aibu. Kijana wa hifadhi akaniambia kwa upole "pole kaka, huyo ndo mwenyeji, siye wapitaji." Yule kijana mzee wake alikuwa mvuvi, na walinzi wa mwanzo kabisa walichukuliwa kwa wavuvi, tangu bahari ya pale ilipotangazwa hifadhi mwaka 1994. Kuvua hakuna, kutia nanga hakuna, hata kuzamia na mitungi hakuna, unaelea juu na miwani tu.

Samaki? Ndio wapo, aina zaidi ya 400 wanasema, mama watoto alitoka majini anatetemeka kwa furaha na anawasimulia mpaka leo. Paa nunga, wale swala wadogo adimu, wapo pia msituni ila hatukumwona.

Sasa ya kusema kifundi. Makuti yanachoka, hesabu miaka 5 au 6 unaezeka upya, na miti pembeni ya chumvi inataka kukaguliwa kila msimu, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ujenzi wa hivi ni rahisi kwa sababu hakuna nondo. Unahitaji watu wa kubaki wanaitunza nyumba. Bei ya kulala pia siyo ya kila mwezi, sisi tulijichanga mwaka, ila wanafunzi wa Zanzibar wanaletwa kujifunza na hilo nimelipenda. Kama unataka tivii, bafu la kujimwagia nusu saa, na muziki jioni, usiende, utagombana na mwenzio bure. Mimi nawapa nyota 5, na ya sita nakipa choo.

Kuna mteja wangu ana kiwanja ufukweni, anataka vyumba 12 na bwawa la kuogelea, na ramani aliyonipa shimo la choo liko mbele ya mnazi wa mwisho kabisa. Nikiwa bado kwenye boti nikamtumia picha ya choo cha Chumbe na ile bustani ya maji ya kuogea. Akanitumia sauti anacheka dakika nzima, eti "fundi umekwenda hanimuni unanipigia picha choo." Juzi usiku kanipigia tena. Anauliza lile bomba la hewa ni inchi ngapi.