Kliniki iliyonifuta rangi ya kucha kabla ya kunipima

Nawapa nyota nne kati ya tano, na nyingi ni za yule muuguzi.

Nilikuwa nachoka ovyo. Kutoka stendi ya boda hadi kibandani kwangu sokoni, hapa Arua, Uganda, moyo unadunda kama nimefukuzwa. Kucha nazo zilikuwa zimebonyea katikati na kukatika kingo, lakini shida hiyo niliipeleka saluni. Miezi minne walinipaka jeli, zikikatika wananibandikia za bandia. Hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Kliniki nilikwenda kwa ajili ya moyo. Muuguzi, mama wa makamo, alishika kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidole, akakirudisha mezani. "Mwanangu, rangi hii tuitoe kwanza, inaharibu kipimo." Alipomaliza kufuta akanyamaza, akageuzageuza kidole gumba changu, akadondosha tone la maji juu ya ukucha. Likatulia pale pale, kama maji kwenye kijiko.

Daktari akanieleza kwamba kucha za namna hiyo mara nyingi hutokana na upungufu wa madini ya chuma. Akaniambia nigusanishe kucha za vidole viwili, mgongo kwa mgongo. Kidirisha cha mwanga kilionekana katikati; kingekosekana, angeanza kuuliza kuhusu mapafu na moyo. Kucha zikiwa nyeupe karibu zote, huwazia ini; nusu nyeupe nusu kahawia, figo. Ila alisisitiza kwamba ukucha peke yake hauthibitishi ugonjwa, akanituma maabara. Hilo nililipenda sana.

Himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, ilikuwa gramu 7.6 kwa desilita, na mwanamke asiye na mimba anatakiwa afike 12. Choo kikaonyesha mayai ya minyoo ya safura, ile inayonyonya damu tumboni na kuingia mwilini kupitia ngozi ya miguu. Mimi hulima muhogo peku tangu utotoni.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya dirisha la dawa. Nilipewa dawa ya minyoo na vidonge vya chuma bila neno, nikavimeza wiki mbili nzima pamoja na chai ya majani. Siku ya kurudi ndipo naambiwa chai huzuia chuma kuingia mwilini!

Sasa ni mwezi wa tatu. Ukucha hukua kama milimita 3 tu kwa mwezi, kwa hiyo sehemu mpya, iliyonyooka, bado haijafika ncha. Ngazi napanda bila kusimama. Jamani, lile neno la chai liandikeni juu ya pakiti, kwa Kiswahili na Kilugbara.