Uzoefu Wangu na Kipimo cha Upepo cha Kidijitali kwenye Subaru Impreza WRX

Kwa miaka miwili tangu nilipoitoa bandarini Dar es Salaam, Impreza WRX yangu ilijazwa upepo kama yanavyojazwa magari mengine yote ya mtaani kwetu. Unasimama kwenye kituo cha mafuta, kijana anauliza, "Ngapi, kaka?", unajibu, "Thelathini na tano zote," anazunguka na mpira wake, unampa chochote na safari inaendelea. Sikuwahi kujiuliza hiyo 35 ilitoka wapi, mpaka siku nilipokwenda kubadilisha matairi ya mbele na fundi akapitisha kidole juu ya tairi lililovuliwa: katikati lilikuwa limebaki kipara, ilhali kashata za pembeni, yaani vile vinundu vya mpira vinavyokanyaga lami, zilikuwa bado na kina cha kutosha. "Upepo mwingi, bosi," alisema, kisha akaendelea na kazi yake.

Wiki hiyohiyo nilinunua Kariakoo kipimo cha upepo cha kidijitali kwa shilingi 35,000, na baadaye nikaongeza pampu ndogo ya umeme inayochomekwa kwenye tundu la volti 12 ndani ya gari. Vyote viwili havina jina lolote la kujivunia, na nimevitumia kwa miezi 14 sasa.

Asubuhi ya kwanza kipimo kilinishtua. Jana yake nilikuwa nimejaziwa 35 kwenye kituo kilicho hatua chache kutoka nyumbani, nacho kikasoma 39.5 kwenye tairi la mbele kushoto na 40 kwenye la kulia. Nilidhani nimeuziwa kitu kibovu, nikakipeleka kwa fundi wa matairi aliyekuwa na kipimo kipya cha mshale. Tofauti kati ya viwili hivyo ilikuwa nusu tu. Kilichokuwa kibovu, basi, ni kile cha kituo, ambacho siku nzima huburutwa chini pamoja na mpira wake, hukanyagwa na kunyeshewa. Maana yake ni kwamba muda wote ule nilipoomba 35 nilikuwa nikipewa karibu 40, na matairi yangu ya mbele ndiyo yaliyolipa gharama.

Namba sahihi ilikuwa imebandikwa kwenye gari siku zote. Ukifungua mlango wa dereva, kwenye nguzo ya mwili wa gari, kuna kibandiko chenye maandishi ya Kijapani ambacho wengi wetu tunaoagiza magari kutoka Japani hukipita bila kukitazama. Huhitaji kusoma Kijapani, kwa kuwa ukubwa wa tairi, 215/45R17, umeandikwa kwa herufi na tarakimu tunazozijua, na mbele yake kwenye gari langu pana 230 kPa (kilopaskali, kipimo cha msukumo wa hewa) kwa mbele na 220 kPa kwa nyuma. Gawanya kwa 6.9 utapata takriban psi (pauni kwa inchi ya mraba) 33 na 32, yaani lugha ya kijana wa kituo. Mbele panahitaji zaidi kidogo kwa sababu injini ya Subaru hukaa mbele ya ekseli ya mbele, na uzito wake wote huangukia huko. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe, ambayo kwenye yangu ni 350 kPa, ni kikomo ambacho tairi halipaswi kuvuka, lakini nimewahi kumsikia dereva mzoefu akiitaja kuwa ndiyo "namba ya kampuni".

Niliposhusha hadi 33 na 32, tofauti niliisikia kwanza mikononi. Kwenye 40 usukani ulikuwa mwepesi na wa haraka, jambo ambalo mtu anayependa gari la kasi hulichukulia kuwa sifa, lakini kila tuta dogo la barabarani liliruka hadi mgongoni, na mvua ilipokuwa imenyesha gari lilichelewa kusimama kwa namna iliyonitia wasiwasi. Sasa tairi linakanyaga lami kwa upana wake wote na breki zinashika. Nilijaribu pia kushuka hadi 28, kwa kuwa kuna wanaoamini kwamba upepo mdogo huongeza mshiko. Kwenye kona gari lilianza kujibu kwa kuchelewa, kana kwamba ubavu wa tairi unafikiri kwanza, na baada ya mwendo wa saa moja mbavu za matairi zilikuwa za moto kuliko nilivyopenda. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja zaidi kila linapozunguka, na kujikunja huko ndiko kunakozaa joto linaloweza kulipasua. Kwa hiyo ile desturi ya kusimama Chalinze saa saba mchana na kupunguza upepo "kwa sababu ya jua" inamwelekeza dereva kwenye hatari ileile anayoikimbia. Matairi yangu yakipata moto barabarani hupanda kutoka 33 hadi 37 au 38. Ndivyo yanavyotakiwa kufanya, nami siyagusi. Namba ya kibandiko ni ya tairi baridi, gari likiwa limelala usiku kucha.

Safari ya Arusha ya mwezi Julai ilinifundisha kitu ambacho sikukitarajia. Nilipima Dar alfajiri, joto likiwa nyuzi 24, nikaweka 33 mbele. Asubuhi iliyofuata Arusha ilikuwa nyuzi 13, na kwa kuwa upepo wa tairi hupungua takriban psi 1 kwa kila nyuzi tano au sita za baridi inayoongezeka, nilitegemea kukuta 31. Nilikuta 33.5, nikapima mara tatu. Jibu lilikuwa kwenye mwinuko: Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ya nje inalikandamiza tairi kwa nguvu ndogo kuliko Dar kwa takriban psi 2, na kipimo husoma tofauti kati ya ndani na nje. Baridi ilichukua, mwinuko ukarudisha.

Kwa mwenye gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne kuna sababu nyingine ya kununua kifaa hiki. Mwezi wa tano tairi langu la nyuma kulia lilikuwa likipoteza upepo polepole kwa skrubu ndogo ambayo kwa macho isingeonekana. Kipimo kilionyesha 26 huku mengine yakiwa 32, ingawa kwa kutazama yote manne yalifanana, maana matairi ya ubavu mfupi hayabonyei kwa kuonekana haraka. Tairi lenye upepo pungufu huwa na duara dogo kidogo, huzunguka mara nyingi zaidi kuliko wenzake, na difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, hulazimika kufidia tofauti hiyo njia nzima. Kuziba pancha ni nafuu mno ukilinganisha na difu.

Kasoro zipo. Taa ya kioo cha kipimo ilikufa mwezi wa nane, hivyo alfajiri nashika tochi ya simu kwa mkono mwingine. Kila ninapobadilisha betri kinarudi kwenye kipimo cha bar, na mara ya kwanza niliposoma 2.3, ambayo ni sawa na psi 33, nilidhani tairi limekwisha kabisa. Ukikichomoa kwenye valvu bila haraka kinavujisha nusu psi, kwa hiyo inabidi kukivuta kwa mkupuo mmoja. Pampu ndiyo iliyonivunja moyo zaidi: kutoka 28 hadi 33 inachukua karibu dakika tatu kwa tairi moja, inapiga kelele za kuamsha majirani, na baada ya matairi mawili inakuwa ya moto kiasi cha kulazimika kuiacha ipumzike. Saa yake ya mshale pia inasema uongo wa psi 2, kwa hiyo najazia kwayo na kupimia kwa kile kingine.

Matairi mapya ya mbele yametembea kilomita 11,000 na yanalika sawasawa kuanzia pembeni hadi katikati. Tukiwa wanne na mizigo naongeza psi 2 nyuma, na nikirudi nazitoa. Kipimo kikipotea leo nitanunua kingine kama hicho kesho. Pampu ikifa, nitatafuta kubwa zaidi inayofungwa moja kwa moja kwenye betri ya gari.