Tahadhari: "Cheti cha OSHA" cha shilingi 6,500, tumeliwa mchana kweupe Industrial Area

Wenzangu mnaosimamia watu wanaoshika kemikali, iwe Industrial Area, Baba Dogo au Mlolongo, kuna jamaa wanauza mafunzo ya usalama kupitia Facebook na WhatsApp. Sisi wametula 91,000. Jina lao silitaji, maana hata nikilitaja halitawasaidia. Mtaona mwishoni kwa nini.

Mimi ni forimani katika karakana ya kupaka vyuma kromu. Tuko watu 14, na kazi yetu ni matangi ya asidi na kostiki soda kutwa nzima. Mnunuzi wetu mkubwa alisema hatatupa tena oda bila ushahidi kwamba wafanyakazi wamefunzwa kushughulikia kemikali hatari. Mdosi akanipa wiki moja. Ukiwa na haraka namna hiyo, tangazo lolote linapendeza, na lao lilipendeza kweli: "Cheti cha OSHA kinachotambulika duniani, 6,500 kwa kila mtu, tunakuja kwenu."

Nikatuma nusu. Till yao "ilikuwa na shida siku hiyo", kwa hiyo pesa zikaenda kwa nambari ya simu ya mtu. Najua, najua. Msinikumbushe.

Jumamosi akaja kijana mmoja na kompyuta. Akatuonyesha video ya Wamarekani waliovaa suti za manjano wakizungusha mapipa, akaongea kidogo, saa moja na nusu akawa amemaliza. Matangi yetu hakuyakaribia, wala hakuuliza tunatumia kemikali gani. Jambo moja alilosisitiza ni kwamba kila mtu anywe maziwa kabla ya zamu ili yaondoe sumu. Hapo ndipo ningefaa kumfukuza. Maziwa yanashuka tumboni. Mvuke wa asidi unaingia mapafuni. Kinachosaidia ni feni za kuvuta mvuke, barakoa inayofaa na tangi lenye mfuniko, na asidi ikikurukia unajimwagia maji safi mfululizo angalau dakika 15. Hayo hakuyagusa. Hata lile la asidi kutiwa ndani ya maji, si maji ndani ya asidi, alilisema mzee wetu mmoja wa matangi, si yeye.

Nikamalizia salio, vyeti vikaja kwa WhatsApp. Vina picha ya tai na maneno "HAZWOPER, saa 40", tarehe za Jumatatu hadi Ijumaa. Kijana wa stoo akakiangalia chake akaniuliza, "Forimani, tarehe hizi si nilikuwa Kisii kwa matanga ya shemeji?" Nilikosa jibu.

Mkaguzi wa mnunuzi naye hakuhitaji hata dakika tano. Alituelezea tukiwa tumesimama pale getini. Hapa Kenya OSHA ni sheria, ile ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007. Sheria haitoi vyeti. Wanaosimamia sheria hiyo ni DOSHS, na hao ndio wanaoidhinisha wakufunzi. OSHA ya Marekani ni idara ya serikali yao, na nayo haimpi mfanyakazi cheti cha HAZWOPER. Kinatolewa na anayefundisha. Tena mafunzo hayo ya saa 40 ni ya watu wanaosafisha maeneo yenye taka hatari, na lazima yafuatwe na siku 3 za kazi yenyewe chini ya msimamizi. Kwa hiyo hata kingekuwa halali, si cha karakana ya kromu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ofisi za DOSHS ziko Commercial Street, hapa hapa Industrial Area. Ningetembea tu kwa miguu nikaulize. NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, pia wako barabara hiyo, na mwajiri anayewalipa ile tozo ya mafunzo ya shilingi 50 ya kila mfanyakazi kwa mwezi anaweza kuomba arudishiwe gharama za mafunzo, mradi afuate utaratibu wao na atumie mkufunzi waliyemsajili. Nenda huko kabla ya kulipa, si baadaye.

Mkufunzi akikupigia, mwulize swali moja: atafundisha kwa karatasi za usalama za kemikali zipi? Anayejua kazi atakuomba umtumie zako kwanza. Kila karatasi ina sehemu 16, na kwenye lebo za mitungi kuna zile alama za almasi zenye ukingo mwekundu, ambazo watu wako wanafaa kuzisoma mmoja mmoja mbele yake. Akikuambia "usijali, kozi yetu inafunika kila kitu", kata simu.

Nilituma ujumbe wa M-Pesa kwa 456 ili Safaricom warudishe pesa, lakini pesa zilikuwa zimeshatolewa. Polisi wamenipa nambari ya OB. Mdosi amesema tutaongea mwisho wa mwezi, na mnajua maana yake.

Juzi tangazo limerudi. Kampuni ina jina jipya, bei imeshuka hadi 4,500, na picha ni ya kijana yule yule, safari hii amevaa helmeti.